Friji ya Bibi Mauwa Iandikishwe Mpangaji

Nyumba ya Geti la Bluu,
Kibamba,
Dar es Salaam.
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mzee Suleiman,
Mwenyekiti wa Kamati ya Umeme ya Nyumba,
Chumba cha mbele.

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UPIMAJI WA NYAYO, NA OMBI LA KUANDIKISHA MPANGAJI MPYA

Kabla sijafika kwenye malalamiko, naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Siku ile tuliyopimwa nyayo pale uani, nilikunja vidole. Kwenye daftari lako umeandika kwamba unyayo wa Tupokigwe ni inchi kumi na nusu. Ukweli ni inchi kumi na moja na nusu. Uliniambia, "Simama vizuri, mjukuu wangu, mbona kama unataka kuruka?" nami nikasema sakafu ina mchanga. Sakafu haikuwa na mchanga. Tangu siku hiyo nikikutana nawe natazama miguu yangu, na nadhani wewe unaona ni adabu.

Pia naomba radhi kwa kukuandikia barua wakati mlango wako uko hatua kumi na mbili kutoka kwetu. Ni kwamba mbele ya watu zaidi ya wawili sauti yangu hurudi tumboni. Na barua hii sikuipitisha kwa Katibu wa Kamati kama utaratibu unavyotaka, kwa kuwa Katibu ni mama yangu, Mwalimu Gladness, naye angeanza kwa kusahihisha vituo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, unakumbuka tulipotoka. Mwalimu wetu wa Klabu ya Mazingira alituagiza wanafunzi wa kidato cha tatu tukadirie gharama za umeme wa nyumba zetu, matumizi yake, na unyayo wa kaboni. Nilisoma mita yetu ya LUKU kwa siku saba mfululizo, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifungulia kufuli la kasha lake kila asubuhi. Siku ya nne nilikuta nyumba yetu imezalisha uniti arobaini. Niliandika hivyo hivyo, nikafurahi sana, mpaka mpangaji mwenzetu Brightson aliponieleza kwamba usiku ule aliingiza tokeni, na kwamba mita yetu huhesabu uniti zilizobaki, haihesabu zilizotumika. Nilirekebisha. Jibu likawa uniti sita kwa siku, sawa na mia moja na themanini kwa mwezi. Kwa kigezo alichotuandikia mwalimu ubaoni, hizo ni kilo sabini na mbili za hewa ya kaboni.

Jumapili ya mkutano ulinipa nafasi nisome ripoti yangu. Nilisoma kichwa cha habari: "Unyayo wa Kaboni, Kilo Sabini na Mbili kwa Mwezi." Ulinisimamisha hapo hapo ukauliza, "Unyayo wa nani?" Nami nikajibu, "Wa kila mtu, mzee." Ukageukia wajumbe ukasema, "Basi wapimwe. Mtoto kasoma." Ukaingia ndani, ukatoka na tepu yako ya kushonea. Ukurasa wa pili wa ripoti haukusomwa. Uko kwangu mpaka leo.

Zile kilo sabini na mbili nazo zilileta maneno. Bwana Ansbert, jirani yetu wa ukutani, aliuliza, "Kilo sabini na mbili kila mwezi, na mie nanunua mkaa wa kopo? Huyo anayezibeba ni nani?" Brightson akaenda kutazama nyuma ya simtanki la maji. Hakukuta gunia. Bado nasikia minong'ono kwamba kuna mtu humu ndani anauza kaboni ya nyumba.

Basi tangu hapo tuliacha kuchangia umeme kwa mlango, tukaanza kuchangia kwa inchi. Bibi Mauwa, ambaye ana mguu mdogo kuliko watu wazima wote humu, akawa mchangiaji wa chini kabisa. Kisha uniti zikaendelea kuisha kama zamani, watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu, na macho yote yakaenda kwenye friji yake. Sasa nimesikia kwamba Jumapili hii Kamati itakaa, na kwamba baada ya dua friji itachomolewa.

Bibi Mauwa anaishi kwa friji hiyo. Barafu zake za ubuyu na ukwaju ndizo zinazomlisha yeye na mjukuu wake Salma, ndizo zinazomnunulia Salma madaftari. Mfungo unaingia siku chache zijazo, na watu wa mtaa mzima wameshamwekea oda za barafu ya futari. Jana nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya friji, mkono mmoja juu ya mlango wake, kama mtu anayepima homa. Alisema, "Tupo, mwanangu, mie mguu wangu mdogo nimeumbiwa. Sikuuchonga."

Kwa hiyo nalalamika. Sipingi utaratibu wa nyayo hata kidogo. Ninacholalamikia ni kwamba Kamati haijaufuata hadi mwisho, kama nitakavyoeleza.

1. Kuhusu tepu. Tepu ya Mwenyekiti ilitafunwa na panya mwaka juzi na sasa inaanzia inchi ya pili. Kila mtu humu ndani ameongezewa inchi mbili ambazo hana. Kwa Brightson mwenye inchi kumi na moja na nusu, nyongeza hiyo haifiki hata moja ya tano ya mguu wake. Kwa Bibi Mauwa mwenye inchi nane ni robo nzima ya mguu. Yaani panya yule amemwonea zaidi mwenye mguu mdogo. Naelewa kwamba suruali ulizoshona tangu mwaka juzi zinatokana na tepu hiyo hiyo, na Bwana Ansbert amewahi kusema yake inamfika kifuani. Lakini hilo ni suala la mteja na fundi, sitaliingilia.

2. Kuhusu mguu wa kushoto. Kamati ilipima mguu wa kulia peke yake. Maana yake ni kwamba miguu yote ya kushoto humu ndani inatumia umeme bure tangu mwezi uliopita. Wa Bwana Ansbert ni mkubwa kuliko wa kulia, kwa sababu ulivunjika kwenye mpira alipokuwa kijana, na yeye mwenyewe hujivunia hilo akiwa na wageni.

Bwana huyo huyo aliomba apunguziwe nusu, kwa hoja kwamba miguu yake hushinda ofisini Mikocheni na humu ndani huja kulala tu. Brightson naye akadai kwamba mguu uliolala kitandani haukanyagi chochote, hivyo hauachi unyayo. Nimelitafakari hili kwa siku mbili. Nadhani haki itapatikana kwa daftari la hatua tu, ambamo kila mtu ataandika hatua alizopiga ndani ya geti. Tutakwama kwa Brightson, ambaye akiwasha sabufa yake na kuweka muziki wa singeli huruka juu na kutua kwa miguu yote miwili. Sijui kama hiyo ni hatua moja au mbili. Labda Kamati iunde kamati ndogo.

3. Kuhusu wageni. Kila Jumamosi jumuiya ya sala ya Bwana Ansbert huja watu kumi na wanne. Huvua viatu mlangoni kwa adabu nzuri, na Brightson, kwa nia ya kusaidia Kamati, huvipima wakati wa wimbo wa pili. Kwa wastani wa inchi kumi na moja, mguu wa kulia tu, hizo ni inchi 154 za wageni zisizochangia. Siombi wazuiwe. Naomba kapu la sadaka lipitie na upande wetu.

4. Kuhusu fundi wa saruji. Hapa karibu na bomba kuna unyayo uliozama kwenye saruji tangu nyumba ilipojengwa. Ni wa kulia, kwa hiyo una sifa zote. Nimeupima kwa rula ya shule, una inchi kumi na mbili na robo, mrefu kuliko wa mpangaji yeyote. Mwenye unyayo huo ndiye mtu pekee ambaye alama yake iko humu usiku na mchana, mvua na jua, na hajawahi kuchangia hata siku moja. Mwenye nyumba wetu, aliyeko Kigamboni, anaweza kuwa na namba yake ya simu. Kama fundi ameshatangulia mbele ya haki, basi Kamati iwaandikie warithi wake kwa lugha ya upole. Kuna pia nyayo tatu za kuku kwenye saruji hiyo hiyo, lakini kuku huyo nadhani tumsamehe.

5. Kuhusu vitu vyenye miguu. Hii ndiyo hoja yangu kubwa, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba uisome ukiwa umekaa.

Kama unyayo ndio unaokula uniti, basi kitu chenye mguu ni mchangiaji. Nimezunguka nyumba nzima. Sabufa ya Brightson ina vimiguu vinne vya mpira. Feni ya Bwana Ansbert ina mguu mmoja mkubwa wa duara, lakini pasi yake, anayoipiga kila asubuhi mpaka ukuta wetu unanukia shati, haina mguu hata mmoja, na kwa utaratibu wetu ni kama mtoto mchanga, haichangii kitu. Cherehani yako, kwa heshima zote, ina mguu unaobana kitambaa, na wewe mwenyewe huuita mguu. Chumbani kwetu tuna taa mbili na redio ya kuning'inia, na maji ya kuoga, kama kila mtu anavyojua, yanatoka kwenye jiko la mkaa lililoko mlangoni. Bibi Mauwa hututania kwamba sisi watu wa Tukuyu hatuogi maji, tunaoga uji.

Sasa friji. Friji ya Bibi Mauwa ina miguu minne. Ya kulia ni miwili, kila mmoja inchi moja na nusu, jumla inchi tatu. Salma, mwenye miaka saba, ana inchi sita. Kwa hiyo friji ni mkazi kamili wa nyumba hii, nusu ya Salma, na tofauti na Salma haijawahi kuvunja kioo cha mtu.

Naomba rasmi iandikishwe kama mpangaji wa sita, na ichangie inchi zake tatu.

Ikishaandikishwa, Mheshimiwa Mwenyekiti, itakuwa na haki za mpangaji. Mkataba uliobandikwa nyuma ya mlango wa mbele unasema katika kifungu cha nne kwamba mpangaji hatatolewa bila notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Kuichomoa Jumapili kutakuwa ni kumtoa mpangaji bila notisi, tena siku ya mapumziko. Ikipewa notisi Jumapili hiyo, itaondoka mwishoni mwa Mei. Mfungo utakuwa umepita, Idi imepita, na oda za Bibi Mauwa zote zimeshagandishwa na kuliwa.

6. Mwisho, kuhusu Bibi Mauwa mwenyewe. Inasemwa kwamba amechangia kidogo kwa ujanja. Naomba Kamati izingatie kwamba yeye ni mtu pekee aliyeweka mguu wake kwenye tepu ukiwa umenyooka. Brightson alirudisha kisigino nyuma ya alama. Bwana Ansbert aliomba apimwe mwisho, akaloweka mguu kwenye maji ya barafu kwanza, eti unapungua. Barafu yenyewe aliichukua kwenye friji hiyo hiyo anayotaka ichomolewe. Mimi nimeshasema nilichofanya. Kama kuna mtu wa kuadhibiwa kwa ujanja, aanze kutafutwa kwa wenye miguu mirefu.

Kwa hayo machache naomba Kamati inunue tepu mpya, ipime miguu ya kushoto, imtafute fundi wa saruji, na iandikishe friji kabla ya Jumapili. Nitakuwa tayari kuandika barua nyingine kufafanua, ila nisiitwe kusimama mbele.

Nifikishie salamu kwa Bwana Ansbert na jumuiya yake yote, kwa Brightson na sabufa yake, kwa mwenye nyumba kama atakuja, kwa Bibi Mauwa na Salma, kwa mdogo wangu Isack ambaye hajui kitu, na kwa Katibu wa Kamati akiwa katika nafasi yake ya katibu, si ya mama. Cherehani yako nayo nimeisalimu.

Wako mtiifu, mwenye inchi kumi na moja na nusu kwa tepu iliyotafunwa,

Tupokigwe
Kidato cha Tatu
Chumba cha nyuma, kulia

Tanbihi (Ijumaa, asubuhi):

Mzee Suleiman, shikamoo tena. Naambatanisha ukurasa wa pili wa ripoti, ule ambao haukusomwa. Baada ya kuusoma utaona kwamba yote niliyoandika hapo juu hayana maana, isipokuwa lile la oda za mfungo na la vidole vyangu.

Unyayo wa kaboni haupimwi kwa tepu. Ni namna ya kusema tu. Ni hesabu ya moshi na hewa chafu inayobaki angani kwa sababu ya umeme tunaoutumia, kama unyayo unavyobaki kwenye saruji baada ya fundi kuondoka. Ulipouliza ni wa nani, nikasema ni wa kila mtu, sikudanganya. Lakini nilijua umeelewa mguu, nikanyamaza. Kosa si lako hata kidogo, mzee.

Mwanzo nilinyamaza kwa aibu. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nyingine, nayo iko kwenye mstari wa tatu wa ukurasa huo wa pili. Friji ya Bibi Mauwa inakula uniti moja na kidogo kwa siku. Taa, feni, redio, pasi, sabufa na cherehani, vyote pamoja, havifiki mbili. Ukijumlisha, unapata tatu hivi. Na nyumba inakula sita.

Nyuma ya mlango wetu, kwenye msumari, chini ya khanga, kuna hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Wati elfu moja na mia tano. Mama alizaliwa Tukuyu kwenye baridi, na hata mwezi huu wa Februari, ambapo maji ya bomba ya Kibamba yenyewe yanatoka ya vuguvugu, hawezi kuoga mpaka yatoe mvuke. Ndoo ya mama, yangu na ya Isack asubuhi, na ya mama tena jioni. Ndoo nne, kila moja nusu saa. Ni uniti tatu kamili kwa siku. Jiko la mkaa pale mlangoni ni la maharage tu. Anayekula nusu ya umeme wa nyumba hii ni chumba cha Katibu.

Jana, nilipoandika salamu za Katibu hapo juu, nilishindwa kuifunga barua. Nilichomoa hita, nikaiviringisha kwenye gazeti, nikampelekea mama pamoja na barua hii. Alisoma yote akiwa amesimama. Alichukua kalamu yake nyekundu, akasahihisha jumla iliyoko kwenye hoja ya tatu, ambapo nilikuwa nimeandika 144, akaweka mkato sehemu mbili. Ukurasa wa pili aliusoma mara mbili, na huo hakuusahihisha. Alikaa kitandani akatazama ule msumari. Kisha akanirudishia karatasi zote pamoja na hita akasema, "Peleka."

Leo asubuhi nilioga maji ya bomba. Isack alilia. Mama alikaa bafuni muda mfupi kuliko siku zote, akatoka, akaenda kazini. Nilivaa sare nikapitia kwa Bibi Mauwa. Alikuwa ameshaanza kutoa barafu kwenye friji na kuzipanga kwenye beseni ili azigawe zisiharibike. Nilimwambia azirudishe. Aliniuliza kwa nini natetemeka na jua limeshawaka. Nilimwambia nimeoga maji ya bomba, sijayazoea. Alitazama mlango wetu, akasema, "Kumbe uji umeisha." Akazirudisha zote isipokuwa moja, akanipa. Niliila pale pale nikiwa bado natetemeka.

Barua naiweka chini ya mlango wako, na hita naiacha kwenye gazeti juu ya cherehani yako hapo nje. Doa la kahawia hapo pembeni ni la ukwaju, si la kaboni.